Vihisi na Mifumo ya Udhibiti: Kutoka Tanuri la Saruji hadi Wodi ya Watoto

Katika somo la fizikia mwanafunzi hufundishwa namna ya kuweka alama katika kipimajoto kisicho na namba. Kwanza hukitumbukiza katika barafu inayoyeyuka na kuandika 0. Kisha hukiweka katika mvuke wa maji yanayochemka na kuandika 100. Mwishowe hugawa nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili katika sehemu 100 zilizo sawa. Kazi hii ikifanywa kwa uangalifu mjini Tanga, karibu na usawa wa bahari, kipimajoto kitakachopatikana kitaaminika. Lakini ikifanywa kwa uangalifu uleule mjini Lushoto, katika milima ya Usambara, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,400, kipimajoto hicho kitasema uwongo. Sababu ni kwamba kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi huko juu, na maji huchemka karibu na nyuzi 95 za Sentigredi. Mwanafunzi ameandika 100 mahali palipostahili kuandikwa 95.

Kosa hilo si dogo. Joto la mwili wa mtu mwenye afya ni nyuzi 37 hivi. Kipimajoto kilichotiwa alama Lushoto bila masahihisho kitaonyesha 37 × 100 ÷ 95, yaani karibu nyuzi 39. Mtu mzima wa afya ataandikwa kuwa ana homa kali. Kifaa hakikuvunjika, wala mwanafunzi hakuwa mzembe. Kosa limetokana na jambo moja tu, nalo ni kwamba alama ziliwekwa kwa kutegemea sharti ambalo ni la kweli mahali pengine.

Jambo hili ndilo kiini cha makala haya. Viwanda na hospitali za leo zinazidi kukabidhi kazi zake kwa mitambo inayojiongoza yenyewe. Mitambo hiyo husifiwa kwa wepesi na akili yake. Hata hivyo, mtambo wowote unaojiongoza hauwezi kuijua hali halisi kuliko kile kifaa kidogo kinachoupasha habari.

Sehemu za mfumo wa udhibiti

Mfumo wa udhibiti si jambo geni kwa watu wa pwani. Nahodha anayetoka Pangani kwenda Tanga usiku huitazama nyota aliyoichagua, huona kama chombo kimeiacha njia, kisha huusogeza usukani. Chombo kikigeuka, huitazama nyota tena. Macho yake hupima, fikra yake hulinganisha, mkono wake hutenda, na matokeo ya tendo lake hurudi machoni pake yakiwa habari mpya. Mzunguko huu haukomi mpaka nanga itiwe.

Mtambo unaojiongoza una sehemu zizo hizo. Sehemu ya kwanza ni kihisi, yaani kifaa kinachogeuza hali fulani, kama joto, kanieneo, mwendo au mwanga, kuwa ishara inayoweza kusomwa, na mara nyingi ishara hiyo ni ya umeme. Ya pili ni kiamuzi, kinachopokea ishara hiyo na kuilinganisha na kiwango kinachotakiwa. Tofauti iliyopo kati ya kiwango kinachotakiwa na kilichopimwa huitwa kosa. Ya tatu ni kitendaji, kama vile vali, mota au kipasha-joto, ambacho hutekeleza amri ya kiamuzi ili kosa lipungue. Kurudi kwa habari za matokeo kutoka kwenye kihisi hadi kwenye kiamuzi huitwa mrejesho. Bila mrejesho mtambo unatenda tu, hauongozwi.

Turbini za mto Pangani

Mfano mzuri wa mfumo huu unapatikana Hale, kiasi cha mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mjini Tanga. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Maji ya mto Pangani yakishatumika hapo huendelea na safari yake, na chini zaidi hukutana na kituo cha Maporomoko Mapya ya Pangani, kilichokamilika mwaka 1995 kwa uwezo wa megawati 68.

Umeme wa Tanzania hugeuka mara 50 kwa kila sekunde. Ili idadi hiyo idumu, jenereta lazima izunguke kwa mwendo uleule mchana na usiku. Lakini watumiaji hawatoi taarifa. Jioni taa za Tanga zinawashwa, na kiwandani mota kubwa inaanza kuzunguka. Jenereta hulemewa ghafla na mwendo wake huanza kupungua. Kihisi cha mwendo hutambua upungufu huo, kiamuzi huulinganisha na mwendo unaotakiwa, na kitendaji hufungua zaidi milango midogo inayoingiza maji kwenye turbini. Mzigo ukipungua, milango hiyo hufungwa kiasi.

Kifaa cha namna hii, kiitwacho gavana, ni cha zamani. Mwaka 1788 James Watt, fundi wa Uskoti, alikitumia katika injini ya mvuke. Kilikuwa na mipira miwili ya chuma iliyoning'inia kwenye mhimili unaozunguka. Injini ilipokwenda kasi mipira ilitanuka na kuinuka, na kwa kuinuka kwake ikaivuta vali na kuupunguza mvuke. Hapo mipira ilikuwa kihisi na kiamuzi kwa pamoja.

Gavana hizo zilikuwa na tabia moja iliyowasumbua mafundi. Baadhi yake, badala ya kuituliza injini, ziliifanya iende kasi na polepole kwa zamu bila kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, mwanafizikia yuleyule wa nadharia ya mawimbi ya umeme na sumaku, alichapisha uchunguzi wa kihesabu kuhusu jambo hilo. Sababu inaweza kuelezwa kwa mfano wa chombo cha baharini. Mwanagenzi akishika usukani, huugeuza kwa nguvu mara aonapo chombo kimepotea njia. Chombo ni kizito, hakigeuki papo hapo, basi naye huuongeza. Chombo kinapokuja kugeuka hupitiliza upande wa pili, naye huurudisha usukani kwa pupa ileile. Matokeo yake ni kuyumba. Mfumo wa udhibiti huyumba pale habari zinapochelewa na tendo likawa kali kuliko inavyostahili.

Tanuri la Pongwe

Kiwanda cha saruji cha Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, kilianza uzalishaji mwaka 1980. Kiwanda kilijengwa hapo kwa kuwa mawe ya chokaa yapo kwa wingi. Saruji hutengenezwa kwa kusaga mawe ya chokaa pamoja na udongo wenye silika na aluminiamu, kisha mchanganyiko huo huchomwa katika tanuri refu la chuma lililolala kwa mteremko na kuzunguka polepole. Katika sehemu yenye moto mkali zaidi, mchanganyiko hufikia joto la kiasi cha nyuzi 1,450, na hapo hugeuka kuwa vidonge vigumu viitwavyo klinka. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, na unga wake ndio saruji.

Joto likiwa dogo mno, sehemu ya chokaa hubaki bila kuungana na madini mengine. Chokaa huru hiyo ikizidi ndani ya saruji, huweza kufura polepole baada ya nyumba kujengwa, na ukuta ukapasuka. Joto likiwa kubwa mno, matofali yanayolinda chuma cha tanuri huliwa, na makaa hupotea bure. Kwa hiyo udhibiti wa joto ni jambo la usalama wa nyumba na pia la mapato ya kiwanda.

Joto kubwa hupimwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni jozijoto, ambayo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aligundua kwamba ncha za nyaya hizo zikiwa na joto tofauti, mkondo wa umeme hupita. Katika jozijoto iliyo ya kawaida viwandani, inayotumia aloi za nikeli, volteji hupanda kwa kiasi cha sehemu 41 za milioni ya volti kwa kila nyuzi moja. Ikumbukwe kwamba jozijoto haipimi joto lenyewe, bali hupima tofauti ya joto kati ya ncha iliyo motoni na ncha iliyo kwenye kifaa cha kusomea. Majedwali yaliyochapishwa huchukulia kwamba ncha hii ya pili ipo kwenye barafu, yaani nyuzi 0. Lakini chumba cha mitambo mjini Tanga kinaweza kuwa na nyuzi 30. Fundi asiyefanya masahihisho atasoma joto lililo pungufu kwa kiasi cha nyuzi 30. Hapa kosa la Lushoto limerudi kwa sura nyingine.

Namna ya pili hutumika pale ambapo waya hauwezi kudumu. Kila kitu chenye joto kali hutoa mwanga, na rangi na nguvu ya mwanga huo hutegemea joto lake. Kifaa kiitwacho piromita hutazama ndani ya tanuri kutoka mbali na kukadiria joto kutokana na mwanga huo. Udhaifu wake ni vumbi. Wingu la vumbi likipita kati ya kifaa na klinka, piromita huona mwanga hafifu na kusema kwamba tanuri limepoa, ilhali halikupoa. Kama kiamuzi kikiamini maneno hayo, kitaongeza makaa na kuliunguza tanuri.

Kwa sababu hiyo waendeshaji wa matanuri ya saruji hawategemei shahidi mmoja. Hutazama pia umeme unaotumiwa na mota inayozungusha tanuri, kwa maana klinka iliyoiva vizuri hunata na kupanda juu zaidi ukutani mwa tanuri, na mota hulemewa. Hupima oksijeni katika moshi ili kujua kama makaa yanaungua yote. Hupima oksaidi za naitrojeni, ambazo huongezeka moto unapokuwa mkali. Hali kadhalika, maabara hupima uzito wa lita moja ya klinka, kwani klinka iliyochomwa vizuri huwa nzito zaidi kuliko ile mbichi. Ushahidi wa namna nne ukiafikiana, uamuzi huwa na msingi. Ukitofautiana, ni ishara kwamba kimojawapo cha vihisi kimepotoka.

Busara hii ya waendeshaji wazoefu ndiyo iliyotafutiwa njia ya kuingizwa katika kompyuta. Mwaka 1965 mwanahisabati Lotfi Zadeh alieleza namna ya mantiki inayokubali viwango vilivyo kati ya ndiyo na hapana, kama vile "moto kiasi" au "inapoa kidogo." Mwishoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa Denmark waliitumia mantiki hiyo kuongoza tanuri la saruji, wakiandika kanuni kwa lugha iliyo karibu na ya mwendeshaji mwenyewe: tanuri likipoa kidogo na oksijeni ikiwa ya kutosha, ongeza makaa kidogo. Hii ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza za mantiki hiyo viwandani duniani.

Kihisi erevu ni kipi?

Zamani kihisi kilitoa ishara tu, na kazi ya kuitafsiri ilikuwa ya fundi. Leo kompyuta ndogo kuliko punje ya mtama inaweza kuwekwa ndani ya kihisi chenyewe, na ndipo huitwa kihisi erevu. Uerevu wake una sehemu tatu. Kwanza, hujisahihisha. Jozijoto ya kisasa huwa na kihisi kingine kidogo kinachopima joto la ile ncha ya chumbani, na kompyuta huongeza nyuzi 30 za Tanga bila kuombwa. Pili, hujichunguza, kwani waya ukikatika au usomaji ukiruka kwa namna isiyowezekana, hutoa tahadhari badala ya namba. Tatu, huwasiliana. Hutuma vipimo vyake mbali na kuhifadhi kumbukumbu ya saa na siku. Katika sehemu za hatari zaidi huwekwa vihisi vitatu vya namna moja, na kiamuzi hufuata maneno ya viwili vinavyokubaliana.

Uerevu huu una mpaka. Kihisi husahihisha makosa yale tu ambayo mtengenezaji wake aliyafikiria na kuyaandikia jedwali. Kosa ambalo halikufikiriwa hubaki, na kihisi hulitoa kwa namba nadhifu zenye desimali mbili. Hakuna kifaa kinachoweza kuligundua kosa lake chenyewe bila kulinganishwa na kipimo kingine kinachoaminika zaidi.

Jokofu la chanjo

Ubaya wa kosa la namna hiyo unaonekana wazi katika jokofu la chanjo. Chanjo nyingi zinatakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi, chanjo hudhoofika. Lakini baridi nayo ina madhara yake. Chanjo za pepopunda na za homa ya ini aina ya B zina chumvi za aluminiamu, nazo zikiganda mara moja huharibika moja kwa moja, hata zikiyeyushwa baadaye.

Ichukuliwe kwamba jokofu lina udhibiti mzuri sana, uliowekwa kwenye nyuzi 5, lakini kihisi chake kimepotoka na huonyesha nyuzi 6 zaidi ya joto la kweli. Asubuhi joto la kweli ni nyuzi 5, na kihisi kinasema 11. Kiamuzi kinaona kosa la nyuzi 6 na kuwasha mashine ya ubaridi. Mashine itaendelea mpaka kihisi kiseme 5. Wakati huo joto la kweli litakuwa 5 − 6 = −1. Kiooni namba ni 5, muuguzi anaandika 5 katika daftari, na ndani ya jokofu chanjo imo hatarini kuganda.

Msomaji aone jambo la ajabu hapa. Kama mfumo ungekuwa mbovu na mzito, huenda joto lisingefika −1. Ubora wa kiamuzi ndio uliolifikisha kosa mwisho wake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ndani ya mtambo unaojiongoza mwongo hupewa gari.

Kinga yake ni shahidi wa pili. Kipimajoto kingine kisichohusiana na kiamuzi huwekwa katikati ya chanjo zenyewe. Aidha, wauguzi wanalo jaribio la kutikisa, ambamo chupa inayoshukiwa hutikiswa pamoja na chupa ya aina hiyohiyo iliyogandishwa makusudi, kisha zote mbili huachwa zitulie. Ikiwa mashapo ya chupa inayoshukiwa yanashuka kwa haraka sawa na ya ile iliyogandishwa, chanjo hiyo haifai. Jaribio hili halihitaji umeme, nalo hugundua kosa ambalo kihisi hakikuliona.

Mwanga katika kidole cha mtoto

Katika wodi ya watoto, ugonjwa wa mapafu, hasa nimonia, huweza kuipunguza oksijeni ya damu kabla macho hayajaona dalili kubwa. Mwaka 1974 mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, alibuni njia ya kuipima oksijeni hiyo bila kutoboa ngozi. Kifaa kilichotokana na ubunifu wake hubanwa kwenye kidole. Upande mmoja hutoa mwanga wa aina mbili, mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 na ule usioonekana, chini ya nyekundu, wa nanomita 940 hivi. Upande wa pili kuna kihisi cha mwanga. Damu yenye oksijeni nyingi hupitisha zaidi mwanga mwekundu, na damu isiyo nayo huumeza. Kwa kuwa damu ya ateri husukumwa na kila pigo la moyo, kifaa hutenga ile sehemu ya mwanga inayobadilika kwa mapigo, na hivyo huacha pembeni ngozi, nyama na mfupa ambavyo havibadiliki.

Kutokana na mianga hiyo miwili kifaa hupata uwiano mmoja. Uwiano huo wenyewe si oksijeni. Ili kuugeuza kuwa asilimia, watengenezaji huchukua watu wazima wenye afya, hupunguza oksijeni wanayovuta kwa uangalifu, hupima damu yao ya ateri katika maabara, na kuandika uwiano unaolingana na kila asilimia. Jedwali hilo huwekwa ndani ya kifaa. Kwa hiyo kila kifaa kinapopima kidole cha mtoto wa Muheza au Handeni, hukilinganisha na vidole vya watu waliojitolea maabara, pengine katika nchi ya mbali.

Je, vidole hivyo vinafanana? Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa vipimo vya kidoleni na vipimo vya damu ya ateri. Walichukua vipimo ambavyo kifaa kilionyesha asilimia 92 hadi 96. Kwa wagonjwa Weupe, asilimia 3.6 ya vipimo hivyo vilikuwa na oksijeni ya kweli iliyo chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa Weusi, kiasi hicho kilikuwa asilimia 11.7. Yaani upungufu wa hatari uliofichwa na kifaa ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa watu Weusi. Dalili za jambo hili zilikuwa zimeripotiwa tangu mwaka 1990. Rangi ya ngozi, yaani melanini, nayo humeza mwanga, na jedwali lililotengenezwa kwa kutegemea zaidi ngozi nyeupe halikulizingatia ipasavyo. Januari 2025 mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa vya tiba ilitoa rasimu ya mwongozo, ikitaka vifaa hivyo vijaribiwe kwa watu wengi zaidi wenye ngozi za rangi mbalimbali.

Hii ni homa ya Lushoto kwa mara nyingine, ila sasa kosa limegeukia upande wa pili. Kule mzima alionekana mgonjwa. Hapa mgonjwa anaonekana mzima. Kwa kuwa mara nyingi oksijeni hutolewa kipimo kinaposhuka chini ya asilimia 90, tofauti ya pointi tatu au nne inaweza kuamua ni mtoto yupi atapewa mtungi na yupi ataachwa.

Isifikiriwe kwamba kifaa hiki hakina maana. Kimeokoa maisha ya watu wengi, na hospitali isiyo nacho ina hasara kubwa kuliko iliyo nacho. Lakini hekima ya waendeshaji wa tanuri inafaa pia wodini. Namba ya kidoleni ni shahidi mmoja. Idadi ya pumzi kwa dakika, kubonyea kwa kifua mtoto avutapo pumzi, na uwezo wake wa kunyonya ni mashahidi wengine. Mashahidi wakitofautiana, mgonjwa achunguzwe upya kabla ya kuamini namba.

Suala hili linazidi kuwa zito kwa sababu leo zipo mashine zinazosoma kipimo cha kidoleni na kuongeza au kupunguza oksijeni zenyewe. Hutumika hasa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao oksijeni pungufu huwaua na oksijeni nyingi mno huweza kuharibu macho yao. Mashine hizo hazichoki wala hazisinzii. Lakini hapo mzunguko wa udhibiti umefungwa kama ule wa jokofu, na kosa la jedwali halitapita tena mbele ya macho ya muuguzi kabla ya kuwa tendo.

Uhakiki ni kazi ya wenyeji

Wafanyabiashara wa sokoni wanaijua mihuri ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani zao. Hakuna anayeiona ajabu kwamba mizani, hata ikiwa mpya, lazima ihakikiwe kwa mawe ya uzito yaliyothibitishwa, na ihakikiwe tena baada ya muda. Shirika la Viwango Tanzania nalo lina maabara ya ugezi, yaani elimu ya vipimo, ambayo vipimo vya viwandani hulinganishwa na vipimo vya taifa. Kanuni ya mizani ya sokoni ndiyo kanuni ya vihisi vyote.

Mwalimu wa kemia anaijua kanuni hii. Kipima asidi cha kioo hakitumiki kabla ya kutumbukizwa katika maji maalumu ambayo asidi yake inajulikana. Katika shamba la mkonge la Hale, ambako katika miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kuzalisha gesi kutokana na mabaki ya mkonge, bakteria wanaotoa gesi hufanya kazi vizuri pale asidi inapokuwa karibu na wastani, yaani pH ya 7 hivi. Kihisi kinachokaa ndani ya tope la mkonge hufunikwa na utando, na kisiposafishwa na kuhakikiwa mara kwa mara kitaanza kusimulia habari za utando wake badala ya habari za tope.

Pwani ya Tanga ina mambo yake pia. Hewa yenye chumvi hula viungo vya nyaya, unyevu huingia ndani ya visanduku, na umeme hupanda na kushuka. Mtengenezaji aliye mbali hawezi kuyajua yote haya. Kwa hiyo nchi inayonunua vihisi bila kuandaa watu wa kuvihakiki imenunua nusu ya kifaa. Nusu ya pili haiuzwi. Hutengenezwa na mafundi, wahandisi, wauguzi na wanasayansi waliozoea kukiuliza kila kipimo swali moja: kililinganishwa na nini, wapi, na kwa nani?

Mazoezi

1. Shule moja iko mahali ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kipimajoto kimetiwa alama za 0 na 100 hapo bila masahihisho. Tafuta kitasoma nyuzi ngapi kikiwekwa katika maji ya nyuzi 48.

2. Jenereta yenye jozi 6 za ncha za sumaku hutoa mizunguko 6 ya umeme kila inapozunguka mara moja. Ili umeme ugeuke mara 50 kwa sekunde, jenereta izunguke mara ngapi kwa dakika?

3. Jokofu la chanjo limewekwa kwenye nyuzi 5, na kihisi chake husoma nyuzi 4 pungufu ya joto la kweli. Eleza joto la kweli litatulia wapi, na chanjo itapata madhara gani.

4. Wanafunzi wapime joto la ndoo moja ya maji kwa vipimajoto vyote vya maabara ya shule kwa wakati mmoja, bila kuambiana walichosoma, kisha wayaandike majibu ubaoni. Wajadili ni kipimajoto kipi kiaminiwe, na kwa ushahidi gani.